Laptopu inazima ghafla ukiwasha VM? Usikimbilie kupiga Windows, anza hivi

Kama laptopu yako inakaa kutwa nzima haina neno, unaangalia muvi, unaandika, unafungua tabu kumi na tano za brauza inakubali, alafu ukiwasha VM tu (kompyuta pepe, yani kompyuta nyingine inayoendeshwa ndani ya laptopu yako) kwenye programu kama VirtualBox au VMware dakika tatu haziishi, pap, skrini nyeusi na taa zote zimezima kama mtu kachomoa waya, basi kaa chini tuongee.

Yangu ilinisumbua karibu mwezi mzima. Nilikuwa Arusha, Sakina, mwezi wa saba na lile baridi unalijua, nawasha VM mbili kwa pamoja, Ubuntu na Windows Server, haijawahi kuzima hata siku moja. Januari nikahamia Moshi, Pasua, wiki ya kwanza tu ikaanza. Kila niliyemwambia jibu ni lile lile, "kaka hilo joto la Moshi hilo", na mimi nikaamini, nani asingeamini, saa nane mchana mwezi wa kwanza Moshi hata mbuzi anatafuta kivuli. Nikapiga Windows upya mara mbili. Nikanunua RAM. Nikanunua na ile stendi yenye feni chini. Ikaendelea kuzima. Kumbe joto la watu lilikuwa linasingiziwa, nitafika huko.

Kitu cha kuelewa kabla hujagusa chochote: VM haina mkono wa kuzima laptopu yako. Ni programu kama nyingine, ila inabebesha mzigo. Ile dakika mfumo wa ndani ya VM unapowaka, prosesa inapanda mpaka turbo, yani kasi yake ya ziada, RAM inashikwa gigabaiti kadhaa kwa mpigo, diski inasoma mfululizo, feni inaanza kulia. Ni kama Hiace yenye rejeta inayovuja, ukiizungusha mjini hujui kama ina shida, ijaze abiria uipandishe Marangu ndo utajua. Kwahiyo unatafuta udhaifu uliokuwepo tangu zamani, na mara nyingi upo kwenye umeme au kwenye joto. RAM mbovu na draiva zinafuata nyuma, na setingi za VM ziko mwisho kabisa.

Kabla ya yote, okoa VM yako

Unaenda kuizimisha hii laptopu makusudi mara kadhaa, kwahiyo funga VM vizuri, sio kuisevu ilivyo, izime kabisa, alafu kopi folda lake lote uweke kwenye diski ya nje. Na usije ukaniambia nina snapshot (ile picha ya hali ya VM ya kurudia nyuma), snapshot inakaa kwenye diski ile ile na inategemea faili lile lile la .vdi, ambalo ndo diski ya VM, likiharibika vyote vinaondoka pamoja.

Jua imekufa kifo gani

Hapa ndo watu wengi wanaparuka, na mimi niliparuka. Kuna laptopu kuzima, kuna kurestati, kuna kulala na kuna kuganda, na kila moja ina dawa yake. Mtu anasema "inazima" kumbe ilionyesha bluu skrini sekunde moja ikajiwasha upya, yeye alikuwa jikoni.

Iwashe tena, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, enta. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha System. Ina mistari mingi mpaka kichwa kinauma, kwahiyo upande wa kulia bonyeza Filter Current Log, kwenye kisanduku cha namba andika 41,86,1001,1074,6008 alafu OK. Sasa angalia ule muda ilipozima.

1074 maana yake ilizimwa kwa utaratibu, kuna programu au apdeti iliamuru na jina lake limeandikwa pale pale, kwahiyo kifaa hakina kosa. 86 kutoka Kernel-Power ni joto, mfumo wenyewe umekiri. 1001 kutoka BugCheck ni bluu skrini. 6008 inasema tu kwamba uzimaji uliopita haukutegemewa, haikusaidii sana, unajua tayari.

Yenye nyama ni 41, Kernel-Power. Ukiiona usishangilie kwamba umepata ugonjwa, inaandikwa baada ya kuwaka tena kusema "jana sikuzimwa vizuri". Ifungue, nenda Details, tafuta mstari wa BugcheckCode. Ukikuta namba isiyo 0, ilikuwa bluu skrini, na hiyo namba ipo kwenye desimali, igeuze iwe heksadesimali kwa kikokotozi cha Windows kwenye modi ya Programmer. 26 inakuwa 0x1A, hayo ni mambo ya memori. 292 inakuwa 0x124, hapo kifaa chenyewe kimelalamika, inaweza kuwa prosesa au umeme wake. Kwenye folda la C:\Windows\Minidump utakuta na faili la tukio kama liliwahi kuandikwa.

Ukikuta BugcheckCode ni 0, na mstari wa PowerButtonTimestamp nao 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kusema kwaheri. Umeme ulikatika ndani ya mashine. Yangu ilikuwa hivi mara zote, 0 na 0, na kama ningeangalia hapa siku ya kwanza nisingepiga Windows hata mara moja, coz Windows ikifa yenyewe inaacha alama.

Wa Linux, fungua teminali uandike journalctl -b -1 -e, hiyo inakuletea mwisho wa logi ya uwashaji uliopita. Kama kuna msururu wa mistari ya kusimamisha huduma moja moja, ilizimwa kwa utaratibu. Kama mistari ya kawaida inaenda alafu inakatika katikati kama redio iliyoisha betri, huo ni umeme au joto.

Pima joto, usilikisie

Pakua HWiNFO, ifungue, weka tiki kwenye Sensors-only. Utaona orodha ndefu, wewe tafuta joto la prosesa. Chini kuna kitufe cha kurekodi, kibonyeze, chagua pa kuweka faili la CSV. Hii rekodi ndo siri yenyewe, laptopu ikizima utawasha tena na kufungua faili uone mstari wa mwisho kabla ya kifo unasoma ngapi. Bila hivyo unabaki kupapasa laptopu kwa kiganja na kusema "aisee inawaka moto", na kiganja sio kipimo.

Washa VM. Prosesa nyingi za Intel za laptopu kikomo chake ni nyuzi 100, za AMD nyingi ziko 95 mpaka 105. Ikikaribia hapo haizimi papo hapo, inajipunguza kasi kwanza, utaona VM imekuwa nzito kama inakokota mkokoteni. Ikishindikana kabisa ndo inazima kujiokoa. Kwahiyo kama mistari ya mwisho ilikuwa 97, 98, 99 na kasi inashuka, joto limekiri. Kama mstari wa mwisho ni 74, lisamehe.

Wangu ulikuwa 74. Moshi, Januari, saa nane mchana, bati juu halina silingi bodi, 74.

Lakini kabla ya kupima nilishajidanganya, na huu mtego nataka uujue. Kuna setingi ya kupunguza prosesa, Control Panel, Power Options, unaingia setingi za ndani za mpango unaotumia, Processor power management, Maximum processor state, unaweka 99%. Asilimia moja inaonekana mchezo ila kwenye mashine nyingi inazima turbo kabisa. Nikaweka 99, VM ikakaa saa nne haijazima, nikapiga makofi, "nilijua ni joto". Sasa angalia: turbo ikizimwa joto linashuka, ndio, na umeme unaovutwa nao unashuka. Jaribio moja limeondoa watuhumiwa wawili kwa pamoja, mimi nikamfunga mmoja. Ile setingi ni nzuri kama huduma ya kwanza ukiwa na kazi ya kumaliza usiku, ila haikuambii mgonjwa anaumwa nini.

Kama kwako ni joto kweli, anza na bure. Itoe kitandani, itoe juu ya blanketi na juu ya kitenge, iweke kwenye meza ngumu, nyanyua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa iingie. Alafu usafishe. Vumbi letu la kiangazi ukikaa karibu na barabara ya udongo halibaki juu ya meza tu, linavutwa na feni, linaganda kwenye yale mapezi ya chuma hewa inapotokea mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi. Ukimpelekea fundi apulize na bloa sawa, ila mwambie azuie feni kwa kijiti cha meno isizunguke, ikizungushwa kwa kasi ya bloa beringi zake zinakufa. Na ukipuliza kwa nje bila kufungua wakati mwingine unalisukuma tu vumbi ndani zaidi.

Laptopu ya mtumba ya miaka sita saba, ile pesti ya prosesa, inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki (chuma cha kupozea), imeshakauka kama udongo wa kiangazi. Futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kidogo tu kama punje ya mchele au mbili, skrubu za hitisinki zifunge kidogo kidogo kwa kubadilishana, kuna namba zimeandikwa pembeni, zifuate. Ukiona fundi anapaka pesti kama siagi kwenye mkate muage.

Umeme: chaja, betri, na waya wa katikati

Hapa nakaa kidogo coz hapa ndo nilipokwama.

Fanya majaribio mawili, VM ile ile, kazi ile ile. La kwanza, chaji betri ijae, chomoa chaja, washa VM. La pili, chomeka chaja, washa VM. Ikizima kwenye betri na chaja ikabeba vizuri, betri imechoka. Ikibeba kwenye betri alafu ukichomeka inazima, chaja au tundu la chaja. Ikizima kote kote na joto liko chini, inaweza kuwa betri na chaja vyote ni dhaifu, na kama vyote ni vizima unaelekea kwenye ubao wenyewe.

Betri ina ripoti yake. Fungua CMD kama administreta, andika powercfg /batteryreport, itakuandikia ilipoweka faili, lifungue kwa brauza. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, yani ilizaliwa na ngapi na sasa inashika ngapi. Yangu ilizaliwa na 41,040, ilikuwa inashika 9,612. Chini ya robo. Betri ya namna hiyo inaweza kukuonyesha asilimia 40 alafu mzigo ukipanda voltija inadondoka mashine inakata, sio kwamba imekudanganya asilimia, imekosa nguvu ya kusukuma. Na ukiona tachipadi imenyanyuka au mfuniko wa chini umefura, acha majaribio yote, betri imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, ipeleke ikatolewe.

Sasa chaja. Pindua usome kile kimaandishi kidogo, mstari wa OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea upate wati. 19.5 mara 3.34 ni kama 65. 19.5 mara 2.31 ni 45. Alafu angalia laptopu yako inataka ngapi, imeandikwa chini yake au kwenye chaja iliyokuja nayo. Volti lazima zifanane, wati ziwe sawa au zaidi, zikizidi hakuna shida coz laptopu inachukua inachohitaji. Zikipungua ndo kilio.

Mimi chaja original niliisahau Arusha siku ya kuhama. Moshi nikanunua nyingine mjini, pini ile ile inaingia vizuri, taa inawaka, inachaji, sikuwaza mara mbili. Fundi wa kwanza nilipompelekea laptopu alipima kwa multimita, ikasoma 19 na pointi, akasema chaja nzima. Na hakuongopa, chaja ikiwa haijabeba kitu inasoma volti zake vizuri tu, mpaka ibebeshwe ndo utajua. Fundi wa pili, mzee mmoja ana kibanda karibu na stendi, hata hakufungua mashine. Akaniuliza, "Umekuja na chaja yake?"

"Hii hapa mzee."

Akaipindua, akaimulika kwa tochi ya simu, akasogeza miwani. "Hii siyo yake kijana. Hii ni 45. Mashine yako chini hapa wameandika 65." Akachomoa ya kwake kwenye droo, akaniambia haya washa hayo madude yako. Nikawasha VM zote mbili. Tukakaa dakika arobaini tunaongelea bei ya ndizi, haikuzima.

Hesabu yenyewe ni hii: ukiwa unaandika tu laptopu inavuta wati 15 au 20, chaja ya 45 inatosha na chenji inabaki. VM ikiwaka prosesa inapanda turbo, skrini ipo, diski ipo, betri nayo inadai chaji, mzigo unavuka 45 kwa sekunde chache. Betri nzima ingechangia hapo ikafidia. Yangu ilikuwa mzoga, kwahiyo ikakata. Arusha betri ilikuwa mzoga vile vile, sema chaja ya 65 ilikuwa inanifichia.

Kuna laptopu, Dell zinajulikana kwa hili, zinaitambua chaja kwa kipini cha katikati, zikishindwa kuisoma zinatoa ujumbe wakati wa kuwaka, zinagoma kuchaji na prosesa inapunguzwa kasi. Kwahiyo ujumbe wa chaja wakati wa kuwaka usiupite kwa kubonyeza enta kila siku kama salamu.

Umeme wa ukutani je? Chaja nyingi zimeandikwa INPUT 100-240V, kwahiyo ule umeme mdogo wa jioni, taa zinapofifia mtaa mzima unapika na kupiga pasi, chaja inaumudu mara nyingi. Tatizo kubwa ni ekstensheni. Ile iliyolegea, ukiigusa inatoa cheche, umechomekea na pasi na birika humo humo, ndo inakata nusu sekunde, na laptopu isiyo na betri nusu sekunde inatosha. Chomeka moja kwa moja ukutani ujaribu. Tundu la chaja nalo litikise taratibu, taa ya chaji ikipepesa, limelegea.

RAM na diski, haraka

Kama ulipata bluu skrini, au inazima pale tu VM inaposhika RAM nyingi, andika mdsched.exe, irestati ijipime, au tumia MemTest86 kwenye flashi uiache usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja chomoa vipande, jaribu kimoja kimoja. Diski iangalie kwa CrystalDiskInfo. RAM ikijaa tu peke yake haizimi laptopu, inaigandisha, kwahiyo usinunue RAM kama mimi.

Setingi za VM zenyewe

Jaribu kuibebesha laptopu bila VM, kwa programu za kupima mzigo kama OCCT au Prime95 dakika kumi huku unaangalia joto. Ikizima, achana na VirtualBox kabisa. Isipozima, na VM ndo inayoizima, hasa kwa bluu skrini, basi apdeti VirtualBox, na Extension Pack iwe ya toleo lile lile. Kama kuna Hyper-V (mfumo wa VM wa Windows wenyewe) imewashwa chini yake utaona alama ya kobe pembeni chini ya dirisha la VM, hiyo inaleta uzito na visirani vingine, kuzima ghafla sio kawaida yake.

Kuhusu mgao, usiipe VM koa zote, yani viini vyote vya prosesa. Una koa nne ipe mbili, ile slaida ibaki kwenye kijani. RAM ya 8GB ipe 3 au 4 isizidi, mwenye nyumba naye anakula. Ukiwa na mashine inayochechemea na huna hela ya chaja wiki hii, kwenye sehemu ya Processor kuna Execution Cap, ishushe mpaka 60 au 70. BIOS (programu ya kwenye ubao inayoiwasha laptopu) ukitaka kuiapdeti hakikisha betri inashika na chaja ipo, umeme ukikatika katikati unabaki na tofali.

VM ikigoma kuwaka baada ya kuzima ghafla

Ikiandika Aborted usiogope, iwashe tu. Ikikataa na kusema faili la setingi halisomeki, ingia folda lake, utakuta faili la .vbox lina baiti 0 na pembeni kuna la .vbox-prev. Kopi hilo la prev, alafu hiyo kopi ipe jina la lile la kwanza, fungua upya. Limeniokoa mara mbili. Mfumo wa ndani ukague diski yake, kama ni Linux mpe fsck, kama ni Windows mpe chkdsk.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Nenda na chaja unayoitumia kila siku, sio ya kuazima. Nenda na faili la CSV, ile namba ya BugcheckCode, na ripoti ya betri kwenye simu. Usimwambie "inazima zima", mwambie inazima dakika ya ngapi, ikiwa kwenye chaja au betri, joto ngapi. Akikuambia tuanze kupiga Windows wakati una 0 na 0 mkononi, chukua mashine yako. Kama chaja ni sahihi, betri inashika, joto liko 70 na bado inakata, hapo ni ubao, sehemu inayolisha prosesa umeme, na hiyo kazi ya mwenye darubini na stesheni ya kusolda, sio ya bisibisi.

Ile chaja ya 45 bado ninayo. Bimdashi ana kalaptopu kadogo ka 45, pini ni ile ile na volti ni zile zile, ndo anaitumia, na yeye hana VM.